Tusihesabu Macho: Uainishaji wa Vipepeo wa Jenasi Bicyclus

Ndugu mwenyekiti, walimu, maofisa wa misitu, waongoza wageni, na ninyi vijana mliokuja na nyavu zenu,

Tumeombwa tuzungumzie vipepeo wa ukingo wa msitu, pale kivuli kinapokutana na jua na nyasi zinapoanza. Tungeweza kuwachagua wale wakubwa wenye rangi kali, ambao pupa zao hufugwa Gede, pwani ya Kenya, na kusafirishwa hadi kwenye nyumba za maonyesho huko ng'ambo. Tumewachagua wadogo wa kahawia. Mnawajua: huruka chini chini mbele ya mguu wako, wakatua juu ya majani makavu, wakafunga mabawa, wakapotea machoni. Ni jenasi Bicyclus. Spishi zake ni zaidi ya 100, nazo zote ni za Afrika na visiwa vya jirani kama Komoro na Sokotra. Hakuna Bicyclus wa Asia wala wa Amerika.

Wahenga walisema umdhaniaye ndiye siye, na kwa vipepeo hawa msemo huo ni kweli tupu. Bawa lao limepangwa madoa ya mviringo yanayofanana na macho, na mtu yeyote anayeanza kazi hii huanza kwa kuyahesabu na kuyapima macho hayo. Hapo ndipo anapopotea. Macho ya bawa hubadilika kwa msimu, hubadilika kwa joto, hubadilika kati ya ndugu wa tumbo moja. Anayetaka jina la kweli amtafute dume, atazame nywele za harufu kwenye mabawa yake, na aandike tarehe na mahali. Yote tutakayosema leo yanazunguka hapo.

Kwanza tuwaweke kwenye ukoo wao. Wamo katika oda ya Lepidoptera, familia ya Nymphalidae. Alama ya familia hii haihitaji lenzi kuiona: kipepeo ana miguu sita kama wadudu wote, lakini akisimama anatumia minne, maana miwili ya mbele imefupika na imebanwa kifuani. Ndani ya familia hiyo wamo katika nusufamilia ya Satyrinae, ambayo wengi wa viwavi wake hula nyasi. Hapa sasa chukua lenzi ya mara kumi. Tazama bawa la mbele linapoungana na kifua: utaona mishipa imetuna penye shina kama kifuko kidogo. Mishipa isipotuna, huyo si Bicyclus, hata awe wa kahawia na mwenye macho kiasi gani.

Kisha kuna kabila la Satyrini, na ndani yake kabila dogo la Mycalesina, lenye spishi zaidi ya 300 kuanzia Afrika Magharibi hadi Australia. Katika bara letu kabila hili dogo lina jenasi tatu: Bicyclus, Hallelesis na Brakefieldia. Hallelesis ana spishi mbili tu, za misitu ya magharibi na ya kati. Anayewachanganya watu wa huku ni Brakefieldia, hasa Brakefieldia perspicua, ambaye ni wa kawaida Afrika Mashariki na huruka kwenye nyasi zile zile anazorukia Bicyclus. Vitabu vya zamani vinamwita Henotesia perspicua. Vya baadaye kidogo vinamwita Heteropsis perspicua. Tangu 2016, uchambuzi wa DNA ulipoonyesha kwamba spishi za bara hazipaswi kukaa jenasi moja na Heteropsis wa Madagaska, anaitwa Brakefieldia perspicua. Majina matatu, kipepeo mmoja. Na hapa tunaomba jambo dogo lenye faida kubwa: kwenye daftari lako usiandike herufi B. peke yake mbele ya jina la spishi. Bicyclus na Brakefieldia wote wanaanza na B, na miaka miwili baadaye hata wewe mwenyewe hutakumbuka ulimaanisha nani. Andika Bic. au Bra.

Jina lenyewe la Bicyclus lina historia inayofundisha. Mwaka 1861 Doumet alieleza kipepeo mmoja akamweka kwenye jenasi mpya aliyoiita Idiomorphus. Jina hilo lilikuwa limekwisha kutumika kwa mnyama mwingine, na kanuni za majina ya wanyama haziruhusu jenasi mbili kuwa na jina moja. Kwa hiyo mwaka 1871 Kirby akaleta jina mbadala, Bicyclus. Lakini kwa miaka mingi jina hilo lilibeba spishi chache tu. Spishi nyingine za Afrika zilitupwa zote ndani ya Mycalesis, jenasi ambayo leo tunajua ni ya upande wa Asia. Ndiyo maana ukifungua kisanduku cha makumbusho utakuta lebo ya zamani imeandikwa Mycalesis safitza au Mycalesis anynana. Usiitupe lebo hiyo wala usiifute. Ongeza lebo mpya chini yake.

Historia hiyo unaweza kuisoma hata bila kufungua kisanduku, kwa kutazama mabano. Tunaandika Bicyclus anynana (Butler, 1879), na jina la Butler limo ndani ya mabano kwa sababu yeye alipomweleza alimweka jenasi nyingine. Tunaandika Bicyclus jefferyi Fox, 1963, bila mabano, kwa sababu Fox alimweka Bicyclus tangu mwanzo. Mabano si pambo, kwa hiyo anayeyaondoa kwa sababu yanamchosha anafuta habari. Pia mtakutana na campina na campinus, dentata na dentatus, angulosa na angulosus. Hao si vipepeo tofauti. Bicyclus ni jina la kiume katika Kilatini, kwa hiyo wengine wanageuza mwisho wa jina la spishi ulingane na jenasi, na wengine wanaliacha kama lilivyoandikwa mara ya kwanza. Chagua njia moja katika orodha yako na uifuate hadi mwisho, la sivyo kompyuta itahesabu spishi mbili pale ilipo moja.

Aliyeiweka jenasi hii sawa kwa mara ya kwanza ni Michel Condamin, aliyefanya kazi katika taasisi ya utafiti ya IFAN, Dakar, Senegali. Kitabu chake kikubwa cha mwaka 1973 kilikusanya takriban spishi 80, akazigawa katika makundi kwa kutazama viungo vya harufu vya madume, viungo vya uzazi na mchoro wa mabawa, mkononi akiwa na lenzi na kibano. Nusu karne baadaye bado kazi hiyo ndiyo tunayoanzia. Mwaka 2001 Monteiro na Pierce walichapisha mti wa ukoo wa Bicyclus uliotokana na jeni tatu. Kuanzia 2015 Aduse-Poku, Brattström, Brakefield na wenzao wakapanua sampuli na kurekebisha kundi baada ya kundi: kundi la ignobilis likapata spishi mbili mpya, kundi la sciathis likapata nne. Baadhi ya makundi ya Condamin yalithibitika, mengine yakavunjika. Wengi wa spishi hao wapya hawakupatikana kwa safari za msitu usiokanyagwa. Kilichowafichua ni sampuli nyingi zaidi kutazamwa kwa uangalifu zaidi.

Sasa turudi kwenye macho ya bawa, maana hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa.

Mchukueni Bicyclus anynana. Jicho lake lina kiini cheupe, duara jeusi kukizunguka, na pete ya rangi ya dhahabu nje. Upande wa chini wa bawa la nyuma kuna mstari wa macho saba. Bawa la mbele lina mawili yanayoonekana vizuri. Aliyezaliwa wakati wa mvua na joto ana macho makubwa yanayong'aa na mstari mpana wa rangi hafifu unaokata bawa. Aliyezaliwa wakati wa kiangazi na ubaridi macho ya upande huo wa chini yamebaki vitone, mstari umefifia, na bawa lote linafanana na jani kavu. Ukiwaweka wawili hao ubavu kwa ubavu mbele ya mtu asiyejua, ataapa ni spishi mbili. Hilo limewakuta hata wataalamu wa karne ya 19, na orodha ya majina yaliyofutwa katika jenasi hii ina majina mengi ya namna hiyo, majina ya misimu yaliyodhaniwa kuwa ya spishi.

Sababu yake inajulikana vizuri kwa sababu anynana amekuwa kipepeo wa maabara tangu 1988, majike wapatao 80 walipochukuliwa Nkhata Bay, Malawi, na kuanzisha ukoo uliopelekwa Leiden, Uholanzi. Viwavi wakifugwa kwenye nyuzi 27 za Selsiasi, hutoka vipepeo wenye macho makubwa. Ndugu zao wakifugwa kwenye nyuzi 17, hutoka wenye vitone. Uamuzi hufanyika siku za mwisho za kiwavi, anapoacha kula na kutangatanga akitafuta mahali pa kujining'iniza, na mwanzoni mwa pupa. Joto hubadili wakati na kiasi cha homoni ya ekdisoni mwilini, na homoni hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa jicho. Kule walikotoka, joto hutangulia na kuambatana na mvua, kwa hiyo kiwavi anayehisi joto anajiandaa kwa msimu wa majani mabichi. Wakati huo kipepeo ni mchangamfu, na jicho kubwa kwenye ukingo wa bawa humvuta adui ang'ate ukingo badala ya mwili. Wakati wa kiangazi kipepeo hutulia juu ya majani yaliyokauka, na jicho lingemsaliti.

Kwa uainishaji maana yake ni hii. Joto la kati huleta vipepeo wa kati. Mwezi wa mabadiliko ya msimu utawapata wote watatu kwenye mtego mmoja. Kwa hiyo ukubwa wa jicho hauwezi kuwa kigezo cha kutenganisha spishi isipokuwa umelinganisha vipepeo wa msimu mmoja na mahali pamoja. Idadi ya macho nayo si salama, kwa sababu baadhi hufifia kabisa. Kilicho imara zaidi ni mahali jicho lilipo kati ya mishipa, umbo la mstari wa nje wa bawa, na jinsi mstari wa katikati unavyopinda. Hivyo navyo havitoshi peke yake, ila afadhali.

Tuje sasa kwenye alama tunayoiamini.

Dume wa Bicyclus ana viungo vya harufu kwenye mabawa. Kuna mabaka yenye magamba ya pekee yanayotengeneza harufu, na kuna mashungi ya nywele ndefu yanayolala juu ya mabaka hayo na kuieneza. Kwa anynana, baka moja liko upande wa chini wa bawa la mbele, karibu na ukingo wake wa nyuma. Jingine liko upande wa juu wa bawa la nyuma, karibu na shina. Mabawa yanapokuwa yamefungwa au yamepumzika kawaida, sehemu hizo mbili zimefunikwa, kwa sababu bawa moja limelalia jingine hapo hapo. Ndiyo maana picha nzuri ya kipepeo aliyetua, ya upande mmoja tu, mara nyingi haina msaada wowote kwa anayeulizwa jina.

Mambo ya kutazama ni haya: idadi ya mashungi, yanapoanzia, urefu wake, rangi yake kama ni nyeusi, ya majani makavu au nyeupe, kisha baka lililo chini yake, umbo lake, kama linang'aa au limefifia, na kama kuna baka jingine kwenye bawa la mbele linalolikabili. Spishi mbili ambazo macho yake hayatofautiani hata kidogo zinaweza kutofautiana hapa waziwazi. Na kuna sababu ya msingi. Dume anapombembeleza jike hupeperusha mabawa na kumpelekea harufu. Kwa anynana, viambato vitatu vya harufu hiyo vilitambuliwa mwaka 2008, na utafiti wa 2015 uliolinganisha spishi nyingi za jenasi hii ulionyesha kwamba michanganyiko inatofautiana kati ya spishi na kwamba harufu inachangia kuzitenganisha. Yaani tunapotazama shungi na baka tunatazama kitu ambacho jike mwenyewe anakitumia kumkubali au kumkataa dume. Ni haki kuongeza kwamba majike wa anynana hutazama pia viini vyeupe vya macho ya upande wa juu wa bawa la mbele, vinavyorudisha mwanga wa urujuanimno, ambao jicho la binadamu halioni. Macho ya bawa yana kazi yake. Tatizo ni kwamba hayatuambii sisi tunachodhani yanatuambia.

Onyo moja. Shungi linatenganisha spishi vizuri, lakini haliaminiki sana katika kuonyesha nani ni ndugu wa karibu wa nani. Katika ukoo huu viungo vya harufu vimepatikana na kupotea zaidi ya mara moja, na hapo ndipo makundi ya zamani yalipogongana na DNA. Tumia shungi kwa jina, tumia jeni kwa ukoo.

Sasa kazi ya mikono. Bicyclus hawafuati maua sana. Hula matunda yaliyoanguka na kuanza kuoza. Kwa hiyo mtego wa ndizi ndio unaofaa. Mfuko wa chandarua wenye kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa sentimita 80 hadi 100, umefungwa juu, uko wazi chini. Chini yake ninginiza sahani au kibao, ukiacha nafasi ya sentimita 3 hadi 5. Kipepeo huingia kwa kutembea chini ya ukingo, akishiba huruka juu kuelekea mwanga, na hashuki. Ndizi ziwe mbivu kupita kiasi, zimepondwa na kuachwa zichachuke siku mbili au tatu kwenye chombo chenye mfuniko usiobana. Ukibana, gesi itakirusha. Vijiko vitatu vya chakula vinatosha kwa sahani moja. Ndizi ambazo hazijachachuka haziwavuti. Ndizi zenye maji mengi zinawazamisha, na bawa lililolowa ndizi haliwezi tena kusomwa.

Kosa kubwa kuliko yote hapa ni urefu wa kutundika. Watu hutundika mtego usawa wa kichwa kwa sababu ni rahisi kuukagua, kisha wanasema msitu hauna Bicyclus. Hawa ni wa chini. Sahani iwe kati ya sentimita 10 na 50 kutoka ardhini. Ukifanya hivyo umewakaribia siafu na sungusungu, kwa hiyo paka kamba grisi na ukate kila jani linalogusa chandarua. Siafu wakipanda usiku, asubuhi utakuta mabawa tu. Kagua mara moja kila siku kwa uchache, na mvua kubwa ikitabiriwa, funga mtego. Kwa kazi ya ukingo wa msitu, panga mitego kwa mstari: mmoja ukingoni kabisa, mingine kila mita 50 kuingia ndani, na mingine kila mita 50 kutoka nje kwenye nyasi. Bicyclus safitza utampata nje na ukingoni, hata kwenye vichaka vya miombo. Anynana hupenda ukingo na vichaka vikavu. Wale wa misitu ya milima, kama Bicyclus danckelmani wa mashariki mwa Tanzania au Bicyclus kenia wa nyanda za juu za Kenya, utawatafuta kwenye kivuli cha ubaridi. Magharibi mwa Kenya na Uganda orodha hubadilika ghafla, kwa sababu pale unakanyaga mwisho wa mashariki wa msitu wa Kongo, na spishi kama vulgaris, mandanes na jefferyi zinaingia.

Kumshika, bana mabawa yote manne kwa pamoja karibu na mwili, kwa kibano chenye ncha bapa. Usiburute kidole juu ya bawa. Magamba ya harufu hutoka kirahisi. Ikiwa unapiga picha na kumwachia, piga picha tatu: upande wa chini, upande wa juu, na picha ya karibu ya shina la bawa la nyuma baada ya kusogeza bawa la mbele taratibu kwa ncha ya kibano. Picha hiyo ya tatu ndiyo yenye jina.

Ikiwa unachukua sampuli, hakikisha kwanza una kibali cha taasisi za serikali za sayansi na wanyamapori: Tanzania utaanzia COSTECH na TAWIRI, Kenya ni NACOSTI na KWS, Uganda ni UNCST na UWA, na mwenye msitu naye ana neno lake. Weka kipepeo kwenye bahasha ya karatasi ya pembetatu, mabawa yamefungwa, mmoja kwa kila bahasha. Usitumie mfuko wa plastiki. Unyevu hubaki ndani na siku ya pili ukungu umeota. Kausha, kisha hifadhi kwenye boksi lenye silika jeli na naftalini, kwa sababu mbawakawa wa makumbusho hula sampuli hadi zikawa unga.

Kabla ya kumtandaza kwenye ubao, tazama mashungi na uyaandike. Kutandaza hulainisha, huvuta, na mara nyingi huhamisha nywele kutoka zilikokuwa zimelala. Ukilainisha sampuli kavu kwenye chombo chenye unyevu, saa 24 hadi 48 zinatosha. Tandaza ukingo wa nyuma wa bawa la mbele uwe pembe mraba na mwili. Hapo baka la bawa la nyuma litaonekana lote. Usipolivuta bawa la mbele vya kutosha umelificha lile ulilokuja kulionyesha.

Lebo iandikwe kwa penseli au kwa wino usioyeyuka. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka ukigusana na ethanoli. Iwe na nchi, mkoa, mahali, vipimo vya GPS, mwinuko kwa mita, tarehe, aina ya mazingira na jina la mkusanyaji. Mwezi uandikwe kwa namba za Kirumi: 5.iv.2019 haiwezi kugeuka kuwa Mei tarehe 4. Mazingira msiyaandike "msitu" tu. Andikeni "ukingo, mita 10 ndani ya miti" au "nyasi, mita 50 nje". Marekebisho ya kundi la sciathis hayakuishia kwenye spishi mpya. Yalilazimika pia kusahihisha kumbukumbu za mahali spishi zinapoishi. Hasara ya lebo mbovu hulipwa na watu wengine miaka mingi baadaye.

Viungo vya uzazi vya dume vina msaada pale mashungi yamenyofoka. Kata ncha ya tumbo, iloweke kwenye potasiamu hidroksidi ya asilimia 10 usiku mzima, au dakika 5 hadi 10 chombo chenye dawa hiyo kikiwa ndani ya maji ya moto. Vaa glavu na miwani, maana dawa hiyo inaunguza. Hamishia kwenye maji, safisha mafuta na misuli kwa sindano mbili, kisha kwenye ethanoli ya asilimia 70, na mwisho kwenye glaserini ndani ya kichupa kinachochomwa na pini ile ile ya sampuli. Ukizidisha muda, sehemu nyembamba huwa laini na kupoteza umbo. Ukipunguza, mafuta hufunika kila kitu. Tazama umbo la vali mbili za pembeni na ncha zake. Kwa baadhi ya spishi za Bicyclus vali hazitofautiani, kwa hiyo msiziombe zijibu kila swali.

Kwa DNA, mguu mmoja unatosha. Ung'oe kwa kibano kilichosafishwa kwa moto, uweke kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, na namba ya kichupa iwe ile ile ya sampuli. Kipande kinachosomwa kwanza ni cha COI, jeni ya mitokondria iliyo nje ya kiini cha seli, nacho kina herufi 658. Ni cha haraka, lakini kinarithiwa kwa mama tu. Spishi mbili zikiwahi kuzaliana zamani, au bakteria Wolbachia akisambaa ndani ya ukoo, COI inaweza kufanana pale spishi zinapotofautiana, au kutofautiana ndani ya spishi moja. Usitangaze spishi mpya kwa COI peke yake. Ongeza jeni za kiini cha seli, kisha urudi kwenye shungi uone kama vinakubaliana.

Limebaki swali ambalo kila mtu wa shambani huliuliza: na jike? Jike hana mashungi wala mabaka. Kwenye masanduku mengi majike ndio waliorundikwa mwishoni chini ya neno "spishi haijulikani". Njia ya uhakika isiyohitaji maabara ni kumfuga atage, kisha uwasome wanawe wa kiume.

Muweke jike aliye hai kwenye kizimba cha chandarua chenye chungu cha nyasi laini za kivulini, kama Oplismenus, na kipande cha ndizi juu ya pamba yenye maji. Hutaga mayai moja moja kwenye majani. Kwenye nyuzi 27 kiwavi hutoka baada ya siku tano hivi, hubadili ngozi na kupita hatua tano, na safari nzima hadi kipepeo huchukua mwezi mmoja hivi. Kwenye ubaridi ni maradufu au zaidi. Ukikosa nyasi za msituni, miche michanga ya mahindi inafaa. Otesha mahindi ya chakula, kamwe si mbegu ya dukani iliyopakwa dawa, kwa sababu sumu hupanda hadi kwenye jani na viwavi wote watakufa siku chache baada ya kula, nawe utadhani ni ugonjwa. Miguu ya meza ikae ndani ya makopo ya maji kuzuia sungusungu. Badilisha nyasi kabla hazijanyauka, na usiwasonge viwavi wengi kwenye chungu kimoja.

Wakifika hatua ya nne, wagawe mara mbili. Nusu wabaki kwenye joto, nusu wapelekwe mahali pa baridi, chumba cha juu mlimani kikiwapo. Watakapotoka utakuwa na ndugu wa mama mmoja, wengine wenye macho makubwa, wengine wenye macho madogo, na madume wa pande zote mbili wakiwa na mashungi yale yale mahali pale pale. Lebo ya kila mmoja ibebe namba ya mama na joto alilofugiwa, na mama mwenyewe achomwe pini ya kwanza katika safu hiyo, wanawe wakimfuata.